Pengo la ufuatiliaji: mfuko wako wa fahirisi unafanya kazi yake?

Mfuko wa fahirisi hauahidi faida. Unaahidi kuifuata fahirisi fulani, ipande ishuke. Fahirisi ni hesabu tu inayoonyesha kundi la hisa au hatifungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali au kampuni) limekwendaje, na hakuna anayeweza kuinunua. Mfuko ndio unaozinunua hisa zile kwa uwiano uleule, nawe unapata vipande vyake, yaani sehemu yako ndani ya mfuko. Kwa hiyo fahirisi ikianguka kwa asilimia 18 na mfuko ukaanguka kwa asilimia 18.1, mfuko umetimiza wajibu wake barabara, hata kama roho inakuuma. Fahirisi ikipanda kwa asilimia 20 na mfuko ukapanda kwa 17, hapo pana jambo la kuuliza, ingawa akaunti imenona.

Tofauti hiyo kati ya mapato ya mfuko na mapato ya fahirisi yake, kwa kipindi kilekile, ndiyo pengo la ufuatiliaji. Fahirisi imetoa asilimia 10, mfuko umetoa 9.8: pengo ni asilimia 0.2.

Pengo lipo karibu siku zote, kwa sababu fahirisi hailipi chochote. Haina meneja, haina dalali, haikatwi kodi ya gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Mfuko unalipa hivyo vyote. Pia huweka fedha taslimu kidogo kwa ajili ya wanaouza vipande, na fedha hizo hazipandi soko linapopanda. Fahirisi ikiwa na maelfu ya hisa, baadhi ya mifuko hununua sampuli badala ya zote, na sampuli haiwi sawasawa na kitu kizima. Kwa upande mwingine, mfuko unaweza kuazimisha hisa zake kwa malipo na kuziba sehemu ya pengo. Kipimo changu ni hiki: pengo likikaribia ada ya mwaka ambayo mfuko hutoza, sina neno. Likizidi ada mara mbili au tatu, mwaka baada ya mwaka, naanza kutafuta mfuko mwingine.

Wengi hukosea kwenye kuchagua cha kulinganisha nacho, na kosa hili huonekana dogo kuliko lilivyo. Fahirisi moja huwa na sura mbili: ya bei peke yake, na ya mapato yote, ambayo huhesabu gawio kana kwamba limerudishwa kununua hisa. Namba inayosomwa kwenye habari kila jioni ni ile ya bei. Mwaka 2023 fahirisi ya S&P 500, ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilipanda kwa asilimia 24.2 kwa bei. Ukijumlisha gawio ni 26.3. Sasa chukua mfuko unaorudisha gawio ndani, uliotoa asilimia 25.5 mwaka huo. Ukiuweka kando ya namba ya habari, unaonekana umeishinda fahirisi. Ukweli ni kwamba umebaki nyuma kwa asilimia 0.8, pengo kubwa kwa fahirisi ambayo hisa zake ni rahisi kununua. Tafadhali, kabla ya kuusifu mfuko wowote, tazama umepimwa kwa sura ipi.

Kuna kosa jingine, la kuchanganya mwendo wa mfuko na mwendo wa fedha zako. Tuseme Januari ulinunua vipande 100 kwa 10 kila kimoja, yaani 1,000. Katikati ya mwaka bei ikashuka hadi 8, ukaongeza 1,000 nyingine na kupata vipande 125. Desemba bei ikarudi 10. Una vipande 225 vyenye thamani ya 2,250, umepata 250 juu ya ulichoweka. Lakini mfuko umetoa nini mwaka huo? Sifuri. Ulianza 10, ukaishia 10. Ile 250 imetokana na siku uliyoongeza fedha. Kwa hiyo salio la akaunti haliwezi kukuambia mfuko unafuata vizuri au vibaya. Kwa hilo, angalia badiliko la thamani ya kipande, pamoja na gawio kama hulipwa nje.

Utakutana pia na kipimo cha kuyumba kwa ufuatiliaji, yaani pengo linabadilikabadilika kiasi gani. Mfuko unaweza kupitwa kwa asilimia 1 kila mwaka bila kuyumba hata kidogo, ukasifiwa kwa uthabiti huku ukikugharimu. Mwenye mpango wa kukaa miaka mingi atazame pengo kwanza.

Na miaka mingi ndiyo inayoumiza. John Bogle alipoanzisha mfuko wa fahirisi kwa wawekezaji wa kawaida nchini Marekani mwaka 1976, hoja yake kubwa ilikuwa gharama. Fanya hesabu: fahirisi ikitoa asilimia 7 kwa mwaka, 1,000 katika mfuko wenye pengo la asilimia 0.1 hufika karibu 7,400 baada ya miaka 30. Pengo likiwa asilimia 1, hufika karibu 5,740.

Kuangalia mara moja kwa mwaka kunatosha. Chukua ripoti ya mwaka ya mfuko, andika mapato ya mfuko, mapato yote ya fahirisi, na ada. Ukiwa na mistari mitano ya namna hiyo, fanya vivyo hivyo kwa mfuko mwingine unaofuata fahirisi hiyohiyo, kisha uziweke karatasi mbili bega kwa bega.