Saini ya mzazi haimwongezei mtoto umri

Kila dirisha la usajili linapokaribia, dawati letu la uhakiki wa umri hupokea barua zenye sentensi inayofanana: "Mimi ndiye mzazi wake na nimekubali, sasa nyinyi mnakataa kama nani?" Safari hii zimekuja nyingi kuliko kawaida, baadhi zikiwa na muhuri wa wakili, na ndiyo maana tumeona tuandike.

Tunaamini walioandika wana nia njema. Mtoto ana kipaji, klabu ya ng'ambo imemtamani, wakala anapiga simu kila jioni kusema muda unakwisha. Kukubali kwa mzazi ni lazima, na bila hiyo hatufungui hata jalada. Lakini inatusaidia kujua kwamba mtoto haondoki kwa kificho, basi. Haigeuzi miaka 15 kuwa 18.

Tuanze na mpira wa miguu, maana ndiko zinakotoka barua nyingi. Kifungu cha 19 cha Kanuni za FIFA za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji kinasema uhamisho wa kimataifa unaruhusiwa kwa mchezaji aliyetimiza miaka 18. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka 2001, baada ya kuonekana watoto wanaopelekwa mbali kwa "majaribio", wakishindwa wanaachwa mjini bila nauli wala karatasi. Kanuni yenyewe ina njia chache za kupita. Ya kwanza ni pale wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Ya pili ni kwa aliye kati ya miaka 16 na 18 anayehama ndani ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na hapo klabu lazima ionyeshe atasoma wapi, atalala wapi na nani atamwangalia. Ya tatu ni ya mipakani: nyumba ya mchezaji isizidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu nayo isizidi kilomita 50 upande wake, na kati ya nyumba na klabu isizidi kilomita 100. Wapo pia wakimbizi, wanafunzi wa programu za kubadilishana, na mtoto wa kigeni ambaye ameishi nchini kwa miaka mitano mfululizo kabla ya kusajiliwa mara ya kwanza.

Njia ya kwanza ndiyo inayotuchosha. Baba amepata kazi ya kukata nyasi katika mji ambao kwa bahati ndiko iliko klabu inayomtaka mwanawe, na mkataba wa kazi umesainiwa wiki mbili baada ya majaribio. Kisha tunaambiwa familia imehama "kwa sababu zake". Kinachopimwa hapa ni kitu kimoja: kama mpira usingekuwapo, familia hii ingehama? Tarehe za nyaraka hujibu swali hilo kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Wengine hutuambia mtoto hasaini mkataba wa kulipwa, anakwenda kucheza mpira wa ridhaa tu. Kifungu cha 19 hakitofautishi. Kinamhusu wa ridhaa na wa kulipwa sawasawa. Halafu, kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama halisi anazotumia kucheza. Ukimwita wa ridhaa huku anapokea mshahara unaoitwa "posho", bado ni wa kulipwa.

Utaratibu wenyewe ni huu, na tafadhali usomwe wote. Klabu inayomtaka mtoto hupeleka ombi kwa shirikisho la nchi yake. Shirikisho hilo, si klabu, si wakala na si mzazi, ndilo linaloliingiza kwenye mfumo wa uhamisho wa FIFA. Ombi huambatana na cheti cha kuzaliwa cha mchezaji, utambulisho na uraia wa mchezaji na wazazi, uthibitisho wa makazi, na ikiwa sababu ni kazi ya mzazi, mkataba wa ajira na kibali cha kazi. Nyaraka zilizo katika lugha isiyokubalika FIFA ziende na tafsiri. Jalada husomwa na Baraza la Hadhi ya Wachezaji lililo chini ya Mahakama ya Soka ya FIFA. Likikubali, ndipo shirikisho la nchi mpya huomba Cheti cha Kimataifa cha Uhamisho kutoka shirikisho la zamani. Kibali kwanza, cheti baadaye. Anayeomba cheti kabla ya kibali amekosea mlango, na hukosea hivyo mara nyingi mno. Cheti hicho kinahitajika kuanzia umri wa miaka 10. Kwa aliye chini ya hapo hakihitajiki, lakini shirikisho bado linawajibika kuhakikisha masharti ya kifungu cha 19 yametimizwa. Kwa hiyo "bado ni mdogo, hana haja ya karatasi" si kweli.

Mtoto akisajiliwa kihalali na kupewa mkataba wa kulipwa, mkataba wa aliye chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu, hata kama karatasi imeandikwa mitano. Wakala naye ana mpaka wake. Kwa kanuni za mawakala za FIFA za mwaka 2023, haruhusiwi kumkaribia mtoto wala mzazi wake mapema kuliko miezi sita kabla ya mtoto kufikia umri ambao sheria ya nchi atakayofanyia kazi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na mlezi awe ameridhia kwa maandishi kabla. Wakala anayemfuata mtoto wa miaka 12 uwanjani na kumnunulia viatu ameshavunja kanuni. Mwombeni namba yake ya leseni muone atakavyoshikwa na dharura.

Swali jingine: mbona yule wa mchezo mwingine aliruhusiwa akiwa na miaka 15? Kwa sababu ni mchezo mwingine. Hakuna umri mmoja wa dunia nzima wa kuingia michezo ya kulipwa, na hata namna ya kuhesabu haifanani. Katika jimnastiki ya wanawake umri wa chini kwa ngazi ya wakubwa ni miaka 16 tangu 1997, lakini huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, hivyo msichana wa miaka 15 hushindana kihalali ikiwa atatimiza 16 ifikapo 31 Desemba. Katika kuteleza kwenye barafu hali ni kinyume: umri lazima uwe umetimia kabla ya tarehe 1 Julai. Shirikisho la mchezo huo liliamua mwaka 2022 kupandisha umri kutoka 15 hadi 17 kwa awamu mbili, na uamuzi ulipita miezi michache baada ya dunia kumtazama mtelezaji wa miaka 15 akielemewa na sakata la dawa katika Olimpiki ya Beijing. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani humruhusu kijana wa kigeni kusaini akiwa na miaka 16, mradi atimize 17 kabla ya tarehe 1 Septemba ya msimu wake wa kwanza. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inataka 19 ndani ya mwaka wa kuchaguliwa, na kwa waliosoma Marekani, mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lao lihitimu sekondari. Riadha ina lake: katika Mashindano ya Dunia kijana wa miaka 16 au 17 hawekwi kwenye mbio za mita 10,000 wala marathoni, hata awe na kasi gani.

Tenisi ya wanawake ndiyo tunayopenda kuitolea mfano, kwa sababu inamfungulia mtoto mlango kidogo kidogo. Jennifer Capriati aliingia mashindano ya kulipwa Machi 1990 akiwa na miaka 13. Kufikia mwisho wa 1993 alikuwa amejiweka kando na mchezo. Mwaka 1995 ikaanza kanuni ya umri: chini ya 14 haruhusiwi kabisa, na kuanzia hapo idadi ya mashindano hupanda kila mwaka hadi 18. Mwaka wa kuhesabia mashindano hayo huenda kutoka siku ya kuzaliwa hadi siku ya kuzaliwa, wala si Januari hadi Desemba. Kuna mzazi aliyewahi kubishana nasi nusu saa juu ya jambo hili akiwa ameshika kalenda ya ukutani.

Sasa tufike kwenye lile ambalo barua hulitaja kwa mafumbo: kupunguza umri. Vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, wamekuwapo tangu mashindano ya vijana yalipoanza, na wanaowaleta hudhani hatari iko kwenye cheti cha kughushi, kwamba kikiwa kizuri mambo yamekwisha. Sivyo wanavyokamatwa. Mwaka 1988 Mexico iliingiza wachezaji waliozidi umri katika mchujo wa vijana chini ya miaka 20. Waliumbuliwa na kitabu cha mwaka cha shirikisho lao wenyewe, ambacho kilikuwa na tarehe za kweli. FIFA iliifungia nchi nzima miaka miwili, timu ya wakubwa ikiwemo, wakakosa Olimpiki ya 1988 na Kombe la Dunia la 1990. Mchezaji jimnastiki wa China, Dong Fangxiao, alisajiliwa Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kama mzaliwa wa 1983. Miaka minane baadaye aliomba kufanya kazi katika Olimpiki ya Beijing na kuandika amezaliwa 1986. Maana yake Sydney alikuwa na miaka 14. Mwaka 2010 timu yake yote ilinyang'anywa medali ya shaba, ikapewa Marekani. Hakuna mpelelezi aliyemfuata. Tarehe mbili zilikutana mezani.

Kuhusu kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia Kombe la Dunia la wavulana chini ya miaka 17 mwaka 2009, tumesikia mengi. Kipimo hiki hakisomi tarehe ya kuzaliwa. Kinaangalia mwisho wa mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, pale penye gegedu ambalo huziba mfupa unapokomaa. Mfupa ukiwa umeziba kabisa, uwezekano wa mvulana huyo kuwa bado hajatimiza 17 ni chini ya asilimia moja. Usipoziba, haijathibitika kwamba ni mdogo, maana wapo wa miaka 19 ambao mfupa wao bado una mstari. Kwa hiyo "alipita MRI" si cheti cha kuzaliwa, na tafadhali msituambatanishie picha yake. Wasichana hukomaa mapema zaidi, hivyo kipimo hicho cha wavulana hakiwafai. Picha za meno nazo tumeshaletewa, bila kuziomba.

Hapa niseme jambo kwa haki. Watu wakiona orodha ya timu ya vijana imejaa wazaliwa wa Januari, Februari na Machi, huanza kunong'ona. Mara nyingi hakuna udanganyifu wowote. Mstari wa umri ukikatwa tarehe 1 Januari, aliyezaliwa Januari humzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua, na makocha humchagua wakidhani wameona kipaji. Jambo hili liliandikwa na watafiti wa hoki ya barafu Kanada tangu miaka ya 1980. Tarehe hutushughulisha pale inapogongana na tarehe nyingine, au kaka na mdogo wake wa tumbo moja wanapopishana miezi minne.

Adhabu ni hizi. Kwa kanuni za nidhamu za FIFA, anayeghushi hati au kutumia hati ya kughushi hutozwa faini na kufungiwa mechi zisizopungua sita au muda usiopungua miezi 12, na klabu nayo inaweza kuwajibishwa. Kwa kusajili watoto kinyume cha kifungu cha 19, Barcelona walifungiwa mwaka 2014 madirisha mawili na kutozwa faranga za Uswisi 450,000. Chelsea walipewa madirisha mawili na faini ya 600,000 mwaka 2019, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikapunguza vyote kwa nusu. Klabu zile zilikuwa na mawakili na fedha, zikarudi sokoni. Mtoto aliyesimamishwa katikati ya usajili batili hukaa bila mechi rasmi hadi atimize 18, na hicho ndicho kipindi ambacho angekuwa anajifunza.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16 hadi 23. Ukiisogeza tarehe yake ya kuzaliwa miaka miwili, misimu yote inasogea nayo, na klabu ndogo iliyomfundisha kutuliza mpira inaambulia senti ya mtu mwingine au inakosa kabisa. Kisha inatuandikia sisi.

Mwenye cheti kinachopishana na kadi ya kliniki au rekodi za shule aje kabla ya usajili wa kwanza. Hilo si kosa. Duniani watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka mitano hawajaandikishwa kuzaliwa kwao, na vyeti vya kuchelewa vina njia zake. Lakini jina likishaingia kwenye mfumo, hatubadilishi tarehe bila hati ya msajili wa vizazi au amri ya mahakama. Barua ya kocha hatuipokei, hata ikiwa na mihuri mitatu.