Gumbo halisi ni ipi?

Katika Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, bamia huitwa kingombo. Wanaisimu wengi wanaamini kuwa hapo ndipo lilipotoka jina gumbo, likivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani Louisiana, kusini mwa Marekani. Leo gumbo ni mchuzi wa kuku, soseji au viumbe wa baharini, unaoliwa kwa wali mweupe, na nyingi hazina bamia hata moja.

Kwenye menyu utaikuta ikiitwa ya Kikajuni au ya Kikrioli. Wakajuni ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, Kanada, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755. Wengi waliishia mashambani na kwenye mabwawa ya Louisiana. Gumbo yao ni ya kuku na andouille, soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Krioli ni mapishi ya mjini New Orleans, ambako mikono ya Waafrika, Wafaransa, Wahispania na Wachoctaw, wenyeji asilia wa Amerika, ilikutana jikoni, na huko ndiko utakakokuta kaa, chaza na pengine nyanya. Wapishi huvuka mpaka huo kila siku. Hata hivyo, nyanya kwenye gumbo ya kuku mjini Lafayette, kitovu cha Wakajuni huko Louisiana, itamshangaza mwenyeji.

Wageni wengi hupima uhalisi kwa ukali wa pilipili, na hapo ndipo wanapopotea. Gumbo hupimwa kwa kile kilichoipa uzito.

Cha kwanza ni ruu: kikombe cha mafuta na kikombe cha unga wa ngano, moto wa wastani, mwiko usitulie kwa dakika 30 hadi 45, mpaka rangi ifikie ya chokoleti. Ndipo hutiwa vitunguu, selari na pilipili hoho za kijani, ambazo hupoza ruu isiendelee kuiva. Vidoti vyeusi vikitokea, imeungua. Uchungu wake haufichiki, na dawa ni kuimwaga na kuanza upya. Moto huo mrefu pia huvunja wanga wa unga, kwa hiyo ruu iliyokolea haishiki mchuzi sana. Gumbo ya Kikajuni iliyo nyeusi na nyepesi basi haina kasoro. Ikija nzito kama uji huku imepauka, ruu yake haikukaa motoni vya kutosha. Ikiwa nyeusi bila harufu ya njugu zilizokaangwa, shuku kwamba rangi imetoka kwenye chupa.

Cha pili ni unga wa majani makavu ya msasafrasi, mti wa Amerika Kaskazini, walioanza kuutumia Wachoctaw. Hutiwa sufuria ikishaepuliwa, au mezani, kwa sababu ukichemka huvutika kama nyuzi. Kikopo chake kikiwa mezani, ni dalili njema. Cha tatu ni bamia, ambazo mpishi makini huzikaanga kwanza ili kupunguza mlenda.

Muulize mhudumu ruu inapikwa wapi. Ruu iliyonunuliwa tayari kwenye chupa si aibu, maana hata nyumbani Louisiana huitumia, lakini anayejua jibu anajua jiko lake. Kama menyu ina kamba wa maji baridi (crawfish), uliza pia wametoka wapi: msimu wao huko huwa Januari hadi Juni, na nje ya hapo mara nyingi huwa wa barafu kutoka China.

Samaki aliyebabuliwa kwa siagi na viungo mpaka akawa mweusi husifiwa kama urithi wa kale wa Wakajuni. Kwa kweli alipata umaarufu miaka ya 1980 kwa mpishi Paul Prudhomme, New Orleans. Ni mtamu, ila asikupe kipimo cha vingine. Mbali na Louisiana, neno Kajuni kwenye menyu mara nyingi humaanisha tu unga wa paprika, kitunguu saumu na pilipili kali.

Na ukiletewa saladi ya viazi kando ya gumbo huko Lafayette, usiirudishe. Wenyeji wengi huitumbukiza ndani ya bakuli.