Tembo wako kwenye "Mengineyo"

Nikiitwa kupima ushirikishwaji wa wananchi kwenye Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zile tunazoziita WMA, mafaili ya kwanza ninayoletewa ni ya mahudhurio: majina, sahihi, namba za simu, posho. Nayapitia haraka. Ninachotaka ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, hasa ajenda ya mwisho kabisa, "Mengineyo". Huko juu kuna utambulisho wa wageni na taarifa ya mradi. Shamba lililoliwa na tembo linaulizwa huku chini, watu wameshaanza kunyanyuka.

Chukua WMA ya Burunge, wilayani Babati, Tanzania. Vijiji vyake 10 viko kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na Ziwa Manyara, na ushoroba (mapito ya wanyama) wa Kwakuchinja unapita humohumo. Wanyama wa Tarangire hawakai hifadhini mwaka mzima. Mvua zikianza hutawanyika kufuata malisho, na wakivuka mpaka wanakanyaga ardhi ya vijiji. Ndiyo maana mwanakijiji hapa hasaidii uhifadhi kwa hisani. Anatoa ardhi.

Utaratibu wenyewe ulitokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998. Vijiji vinatenga eneo kupitia mpango wa matumizi bora ya ardhi, vinaunda jumuiya yao (ya Burunge inaitwa JUHIBU), kisha serikali inaipa haki ya matumizi. Ardhi inabaki ya kijiji, wanyama wanabaki mali ya umma. Mwekezaji wa kambi ya utalii analipa, serikali inachukua fungu lake, lingine linarudi kwenye jumuiya. Kanuni za WMA za 2012 zilitaka isiyopungua nusu ya mapato ya jumuiya iende vijijini.

Kwenye nusu hiyo ndipo maneno yanapoanza. Burunge imekuwa ikigawa sawa kwa sawa. Kijiji chenye kambi na wanyama wengi kinapata sawa na kile ambacho watalii wanakipita tu barabarani. Minjingu kilifikia hatua ya kutaka kujitoa, na mvutano ukachukua miaka. Wapo wenzangu wanaosema mgawo sawa unajenga umoja. Mimi naona unajenga umoja kwa wanaopokea bila kuliwa mazao na tembo. Ningependa sehemu igawiwe sawa, sehemu ifuate mzigo: eneo lililotengwa, hasara ya mazao, mifugo iliyouawa. Ila kanuni hiyo waitunge wanavijiji wenyewe, wasiletewe ikiwa imechapwa tayari.

Mzigo haulipwi na kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa mali na wanyamapori. Kanuni za 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa kuangalia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi tano. Shamba la karibu zaidi, lile ndani ya nusu kilomita, halikupewa kitu. Hoja ilikuwa kwamba mtu asilime mpakani. Lakini mpaka ukisogea mpaka kwenye shamba la baba yako, ni nani aliyesogea? Swali hilo nimelisikia vikaoni mara nyingi, na mtaalamu anayelijibu kwa kifungu cha sheria hapati la pili kuulizwa. Watu wananyamaza tu. (Kimya hicho baadaye huandikwa "wajumbe waliridhia".)

Kwa hiyo mradi unaposema umeshirikisha, mimi nauliza mambo ya kawaida sana. Mkutano mkuu unapaswa kukaa kila miezi mitatu: ulikaa? Mkataba wa mwekezaji ulisomwa kwa Kiswahili, pamoja na kiasi na muda wake? Taarifa ya mapato na matumizi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, au mtendaji anasema ipo wilayani? Askari wa wanyamapori wa kijiji wamelipwa mwezi huu? Wafugaji walioitwa kupanga matumizi ya ardhi waliitwa kiangazi, wakati mifugo iko mbali? Hilo la mwisho huwa halipo kwenye fomu yoyote ya tathmini, nami huanza nalo.