Haki za Mtoto Si Nyongeza

Kila ifikapo tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, kuna sentensi moja ambayo huwa naisikia katika sherehe za huku kwetu Kisumu, na mwaka huu niliisikia tena uwanjani katika shule moja ya msingi ya umma iliyo nje kidogo ya mji. Mgeni wa heshima, mfanyabiashara mwenye moyo mzuri ambaye simlaumu kwa lolote, alikabidhi jozi 40 za viatu kisha akashika kipaza sauti na kusema, "Leo tumewapa watoto hawa haki zao." Watu walipiga makofi, na watoto wakaimba wimbo wa kushukuru. Msichana mmoja wa gredi ya tatu, aliyepata viatu vinavyompita kwa nambari mbili hivi, aliambiwa asivivae bali avishike kifuani ili apigwe picha.

Maana ya haki za mtoto si ngumu. Ni mambo ambayo kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 anastahili kwa sababu tu yeye ni mtoto, na ambayo kuna mtu mzima au chombo cha dola kinachowajibika kuyatimiza. Mambo hayo yameandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, wenye vifungu 54, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuridhia isipokuwa Marekani, iliyoutia saini mwaka 1995 na kuishia hapo. Afrika ina mkataba wake wa mwaka 1990, nasi tuna Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010. Kinachonikera ni lile neno la kwanza, haki, ambalo tunalitamka kila siku bila kulisikiliza.

Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao hubeba pamoja maana ya ukweli, uadilifu na stahili ya mtu. Maana ya ukweli ingali hai vinywani mwetu: anayeapa "haki ya Mungu", na hata kijana wa mtaa wa Kondele anayesema "haki nimechoka", wote wawili wanashuhudia kwamba wasemalo ni kweli, ijapokuwa huyo wa pili hajui kwamba anaapa. Maana ya uadilifu ndiyo iliyomo katika wimbo wetu wa taifa. Lakini ile ya tatu, stahili, ina jambo ambalo Kiarabu hulionyesha waziwazi: neno hilohilo likifuatwa na kiungo kimoja huwa ni stahili ya mtu, na likifuatwa na kiungo kingine huwa ni deni lililo juu yake. Kwa maneno mengine, haki ni deni linalotazamwa kutoka upande wa anayedai. Pasipo na mdaiwa, hapana haki. Kuna matumaini tu.

Hisani nayo ni ya ukoo mwingine kabisa. Asili yake ni wema na uzuri, na katika shina hilohilo ndimo lilimotoka neno "ahsante", ambalo kwa asili ni kumwambia mtu kwamba ametenda vyema. Kwa hiyo watoto wale walipoimba asante, lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuamua: walichopokea kilikuwa hisani, na mgeni wetu ndiye aliyekiita kwa jina la jirani.

Anayetaka kuiona tofauti hiyo kwa macho na aende soko la Kibuye siku ya Jumapili, asimame mbele ya mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mama hujaza gorogoro, lile kopo la kupimia, mpaka ikafanya kilima, akaimimina katika mfuko wako, kisha akachota kiganja kimoja zaidi na kukitupia juu. Kile kilichojaa gorogoro ni haki yako, kwa kuwa umekilipia, na akikupimia pungufu amekudhulumu, nawe utapaza sauti hadi majirani wa kibanda wageuke. Kiganja cha juu ni nyongeza. Asipokutilia unaweza kununa, unaweza hata kuhamia kwa mwenzake juma lijalo, lakini huwezi kusema umeibiwa. Sijawahi kumwona mteja wa Kibuye akichanganya mambo haya mawili. Huchanganywa kwenye majukwaa yenye viti vya plastiki na hema.

Najua msomaji makini ataniuliza: je, Waswahili hawasemi "mpe mtu haki yake"? Husema, tena ni Kiswahili safi. Hapo kupa ni kumkabidhi mtu kilicho chake, kama unavyompa mwenzako mzigo aliouacha nyumbani kwako. Hakuna anayetarajia kuimbiwa kwa kurudisha mzigo wa watu. Ndiyo maana vitenzi vinavyoandamana na haki upande wa ubaya ni kunyima, kudhulumu na kupora, ambavyo vyote vinachukulia kwamba mwenyewe yupo na anajulikana. Katiba yetu imelisema hili bila kuzunguka, katika Kifungu cha 19: haki zilizomo ni za kila mtu, wala si Serikali iliyozitoa. Ikiwa Serikali yenyewe haiwezi kujisifu kwamba imempa mtoto haki, sembuse mtu aliyekuja na katoni za viatu.

Mgeni wetu angeweza kujitetea vizuri zaidi, nami nitamtetea. Kifungu cha 27 cha mkataba wa 1989 kinasema kwamba jukumu la kwanza la kumpatia mtoto maisha yanayofaa ni la wazazi, kwa kadiri ya uwezo wao, na kwamba palipo na uhitaji dola itasaidia, hasa katika lishe, mavazi na makazi. Viatu ni mavazi. Basi je, hakuwapa haki? Jibu linategemea nani anadaiwa. Kama viatu vile vingenunuliwa kwa fedha za umma, ingekuwa ni mdaiwa anayelipa sehemu ya deni lake, na wimbo usingehitajika. Kwa kuwa vilitoka mfukoni mwake mwenyewe, naye hakuwa anadaiwa na watoto wale hata senti moja, vilikuwa hisani, na hisani nzuri. Kwa njia zote mbili sentensi yake haisimami.

Wala wazo hili la deni si langu. Mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa lilipitisha Azimio la Geneva, lililotokana na kazi ya Mwingereza Eglantyne Jebb, na utangulizi wake unatamka kwamba wanadamu wanadaiwa na mtoto kilicho bora kabisa walicho nacho. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1959 likayarudia maneno hayo. Kasoro ya maazimio yote mawili ni kwamba mdaiwa alikuwa "wanadamu", na mdaiwa wa namna hiyo humpati nyumbani ukimwendea. Mkataba wa 1989 ndio uliomtaja kwa jina: kila dola iliyouridhia hutakiwa kupeleka taarifa kila baada ya miaka mitano kwa kamati iliyoko Geneva, ikaeleza imelipa nini na imebakisha nini.

Wapo pia wanaoinuka barazani kusema kwamba mtoto hana haki mpaka atimize wajibu wake, nao hupenda kuutaja mkataba wa Afrika. Ni kweli kwamba kifungu chake cha 31 kinataja majukumu ya mtoto kwa wazazi na jamii yake, na naona ni jambo jema, maana mtoto wa huku hakulelewa peke yake kisiwani. Lakini kifungu hicho kinapima majukumu hayo kwa umri na uwezo wa mtoto, wala hakiyafanyi kuwa bei ya haki. Mtoto mchanga wa siku mbili hajatimiza wajibu wowote, na tayari Kifungu cha 53 kinamdai mtu jina lake na uraia wake.

Nitaje na lile ambalo halikutajwa jukwaani. Wiki ileile ya sherehe, wanafunzi kadhaa wa shule ile walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za mtihani, ilhali elimu ya msingi ya bure na ya lazima imo katika Kifungu hichohicho cha 53. Hiyo ndiyo iliyokuwa gorogoro pungufu. Siku hii inawakumbuka wanafunzi wa Soweto walioandamana mwaka 1976 kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, na wale hawakutoka barabarani kutafuta nyongeza.

Mwalimu anayesimamia sherehe za shule ile ameniomba nimsahihishie bango la mwaka ujao. Rasimu yake ilisomeka, "Asanteni Wafadhili kwa Kutupa Haki Zetu." Ni mwalimu mchapakazi na sikutaka kumchosha kwa mhadhara huu wote, kwa hiyo nilifuta maneno matatu ya mwisho, nikaandika neno moja juu yake na kumrudishia karatasi. Sasa linasomeka, "Asanteni Wafadhili kwa Viatu."