Kishoka siyo fundi wa mtaani

Jamani tuelewane kidogo kwenye hili neno kishoka, maana siku hizi kila fundi umeme asiye na ofisi anaitwa kishoka, matokeo yake watu wanamkimbia fundi wa watu halafu kishoka mwenyewe wanamkaribisha ndani na kiti anapewa.

Kishoka ni mtu anayejifanya katoka TANESCO, shirika la umeme (au mamlaka ya maji, huko nako wamejaa) ili umpe hela ambayo shirika halijakuomba. Basi, hakuna zaidi.

Wengi wanadhani ukishoka ni suala la kujua au kutojua kazi. Siyo. Kuna vishoka wanapanda nguzo vizuri tu, anakuunganishia na taa inawaka. Na kuna ambao hata testa hawajawahi kushika, kazi yao ni simu, "mteja mita yako inafungwa leo, tuma elfu thelathini kwenye namba hii". Wote ni vishoka kwa sababu wanatumia jina la shirika ambalo halijawatuma.

Mpaka wenyewe upo kwenye mita. Nguzo, waya unaokuja kwako na mita yenyewe ni vya TANESCO, hugusi wewe wala fundi wako. Kuanzia mita kuingia ndani, mainiswichi, soketi, taa, hivyo ni vyako na fundi unamtafuta mwenyewe, ila awe na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Mnapatana bei, unampa hela mkononi, halali kabisa. Hela ya upande wa shirika ndo haishikwi na mtu, inalipwa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na shirika lenyewe, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ndo maana nashangaa watu wakishauriana "muombe kitambulisho", kitambulisho si kinachapwa tu mjini hapo! Omba kontro namba uone atakavyoanza kuzunguka.

Na hii ya "una deni tunakata" kwa mtu wa LUKU sijui inampataje mtu, LUKU yenyewe ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, umelipa kabla hujawasha. Kama kweli kuna deni linakatwa humohumo ukinunua umeme, kama kodi ya jengo inavyokatwa tangu 2021, hakuna wa kuja getini. Kwenye maji sawa, mara nyingi unatumia kwanza bili inakuja baadaye, kwa hiyo tishio la kukatiwa linaingia akilini na ndipo kishoka anapojipigia. Piga ofisini kwao uulize, ila kwa namba iliyo kwenye bili zako za zamani, siyo aliyokupa yeye.

Mfano mzuri ni 2024, mita za LUKU zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Ulikuwa ukinunua umeme unaletewa mafungu matatu ya namba 20, mawili ya kwanza ya kuboresha mita, la tatu ndo uniti zako. Ilikuwa bure. Sasa anayekuja mlangoni anasema katumwa na shirika na anataka buku tano akuingizie, huyo kishoka. Kijana wa jirani uliyemuita mwenyewe akuingizie kwa sababu hizo namba huzioni vizuri, ukampa buku ya soda, huyo siyo kishoka jamani, umemshukuru tu.

Halafu yupo mwajiriwa halali, kashuka kwenye gari la shirika, anakuomba "ya maji" ili nguzo yako iwahi. Huyu naye wanamuita kishoka na hapa ndo naudhika zaidi, maana ukishasema kishoka umeshamtoa kwenye shirika, kesi imeisha. Huyo ni mla rushwa, ana jina, ana bosi, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo kwa ajili yake. Na wewe uliyemlipa mtu akuchezee mita isome uniti kidogo, hujatapeliwa, mmeiba wote, na siku ya ukaguzi mita ina jina lako siyo lake.

Kwa hiyo yule kaka aliyekufungia soketi zikapiga shoti, hasira zako nazielewa, ila hakukuambia katoka TANESCO. Alisema ni fundi na kweli ni fundi, mbovu tu. Mpigie arudi arekebishe, na safari hii muulize leseni.