Tiba shufaa ni nini, na kwa nini inaanzia kwenye saa ya ukutani

Shangazi yangu alikuwa na kipimo chake cha maumivu, nacho kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Siku aliyoishusha mwenyewe kutoka juu ya kabati, akaikalia na kukuna nazi moja hadi kifuu kikabaki kitupu, ilikuwa siku njema. Siku aliyoagiza tui la paketi dukani, sote tulijua usiku ulikuwa mbaya. Saratani ilimwanza titi, ikatulia miaka miwili, halafu ikaibukia kwenye nyonga na uti wa mgongo. Na mbuzi ni kiti cha chini sana. Kuketi ni kazi, kuinuka ni kazi mara mbili.

Kwenye cheti chake daktari aliandika “tiba shufaa”. Mumewe akasoma “tiba shifaa”, akamshukuru Mungu kwa sauti, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha palepale.

Kosa lake ni la watu wengi. Shifaa ni ponyo. Shufaa ni kumsimamia mtu, kumwombea, kuingia kati yake na adhabu; ndiyo shufaa ya Mtume tunayoisikia misikitini na kwenye kaswida. Ni maneno mawili yenye mizizi miwili ya Kiarabu, na kwa sikio la Mswahili yanatenganishwa na irabu moja tu. Mimi neno hili nalisoma hivi: tiba shufaa ni tiba inayoingia kati ya mtu na mateso ya ugonjwa wake, ugonjwa wenyewe uwe unapona au hauponi. Kenya wengi huiita tu hospisi, japo hospisi kwa asili ni mahali, na tiba shufaa inaweza kufanyika ubavuni mwa jiko lako.

Hapo kwenye “uwe unapona au hauponi” ndipo watu wanapoteleza. Wakisikia tiba shufaa wanasikia “mpelekeni nyumbani, basi tena”. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linataka ianze mapema, sambamba na dawa za kupambana na saratani yenyewe. Shangazi alikuwa akisafiri kutoka Tanga hadi Ocean Road, Dar es Salaam, kwa matibabu ya saratani, na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, imo mkobani. Hata mionzi inaweza kuwa shufaa: mfupa ulioingiliwa na saratani ukipigwa mionzi, mara nyingine kikao kimoja tu, maumivu yake hupungua sana kwa wagonjwa wengi, ingawa saratani haijaondoka.

Dhana yenyewe ya sasa ilipata sura London mwaka 1967, pale Cicely Saunders alipofungua hospisi ya St Christopher's. Alikuwa muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na nadhani ndiyo maana alisikia mambo ambayo mtu aliye daktari tu asingeyasikia. Alisema maumivu ya mgonjwa wa saratani ni kitu kizima: mwili unauma, na hofu inauma, ada ya shule isiyolipwa inauma, swali la “kwa nini mimi” linauma, na yote hayo hukutana mahali pamoja. Kiswahili kilikuwa na hili tangu zamani. Mtanzania akisema “maumivu” anazungumzia mwili. Akisema “uchungu” anazungumzia uzazi au moyo. Mkenya husema “niko na uchungu” akishika goti lake. Kwa mgonjwa wa saratani naona Mkenya amepatia. Kuna jioni shangazi alionyesha maumivu makali kuliko wiki nzima, na kilichokuwa kimetokea ni kwamba binti yake alipiga simu kusema harusi imeahirishwa kwa ajili yake.

Alionyesha, nimesema, kwa sababu maumivu huonyeshwa kwa vidole. Muuguzi aliyekuja nyumbani alimfundisha hivi: “Mama, ngumi ni hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vyote vitano, hayavumiliki. Sasa nionyeshe.” Shangazi akatoa vitatu, akamtazama mumewe, akarudisha kimoja. Muuguzi akangoja mpaka mzee alipotoka kwenda kuswali, akauliza tena. Vinne. Wanawake wa umri wake walilelewa kwamba kuugulia mbele ya watu ni kukosa haya, kwa hiyo usiamini namba ya kwanza.

Sasa tuje kwenye saa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliojulikana kama ngazi ya vidato vitatu: kidato cha chini dawa nyepesi kama parasetamoli, cha kati dawa kama kodeini, cha juu mofini. Ngazi hiyo ndiyo inayokumbukwa, lakini ndani ya mwongozo huohuo mlikuwa na kanuni ambayo kwangu ina uzito zaidi: dawa ya maumivu ya kudumu hutolewa kwa saa, haingoji mtu aumwe. Mofini ya maji hushika kwa takribani saa nne, kisha nguvu yake inashuka. Ukingoja maumivu yarudi ndipo unywe, unaikimbilia daladala iliyokwishaondoka. Utaidaka kituo cha mbali, ukiwa umechoka, na pengine kwa nauli kubwa zaidi.

Saa yetu ya Kiswahili inaipokea ratiba hiyo kana kwamba ilitengenezewa. Saa 12 alfajiri, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Kumi na mbili, nne, nane, basi. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi daktari huagiza iwe maradufu, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 za usiku. Tulibandika vipande vitatu vya plasta kwenye kioo cha saa ya ukutani, pale mshale mfupi unaposimama saa hizo, na mjukuu wa miaka saba, ambaye kusoma saa kulikuwa hakujamwingia, akawa anapiga kelele kutoka uani: “Bibi, plasta!”

Lakini Kiswahili hichohicho kina mtego. Chupa ya kwanza ilikuja na maandishi “kila saa nne”. Mumewe akaelewa kama anavyoelewa mtu yeyote: kila ifikapo saa nne. Saa nne asubuhi dawa, saa nne usiku dawa. Kwa siku tatu shangazi alikuwa na nafuu ya asubuhi, na jua likipinda anajikunja kitandani, nasi tukawa tunasema dawa haimfai. Dawa ilikuwa inamfaa kabisa kwa saa nne kati ya kumi na mbili. Anayeandika lebo aandike “kila baada ya saa 4”, na bora kuliko hapo aziorodheshe saa zenyewe. Kipimo nacho kiwe bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Hata ratiba ikishikwa vizuri, kuna maumivu yanayopenya. Nyumbani tuliyaita mchomo. Mwingine huja bila hodi. Mwingine una sababu inayojulikana: kuinuka kitandani, kukohoa, kuoga, kubadilishiwa bandeji ya kidonda. Kwa hali hizi mgonjwa hupewa dozi ya ziada, ambayo kwa kawaida hulingana na dozi yake ya kila baada ya saa nne, na dozi ya ratiba inabaki palepale, hairukwi. Kama sababu inajulikana, ya ziada hutangulia kama nusu saa. Ukiona za ziada zimekuwa nyingi kwa siku, hiyo ni habari ya kupeleka kliniki: dozi ya kawaida imekuwa ndogo, na kuipandisha ni kazi ya daktari au muuguzi aliyefunzwa.

Hapa ndipo maisha ya nyumbani yanapoingia, na kwa kweli hapa ndipo tiba shufaa ilipotufaa kuliko mahali pengine. Tulihamisha kuoga kutoka alfajiri hadi saa nne na nusu, yaani nusu saa baada ya dozi ya kawaida, na mchomo wa bafuni ukapungua bila tone la ziada. Ndoo ikawekwa juu ya kigoda ili asiiname. Swala akaswali ameketi. Ile mbuzi haikupigwa marufuku. Nazi ikapewa zamu yake baada ya kuoga, moja tu, na mtu wa kumshika mkono akiinuka. Siku asizoweza, mimi nilikuna, naye akakamua tui akiwa kwenye kiti cha juu, akinisimanga kwamba nakuna mpaka nafikia kifuu.

Kuna hofu moja niseme wazi, kwa sababu pwani yetu inaijua kuliko wengine. Hakuna mtaa wa Tanga, Mombasa au Unguja usiomjua teja. Shemeji yake shangazi alipoona chupa alisema mbele ya watu: “Mnamfanya teja uzeeni.” Na ukoo huo upo, heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Tofauti iko kwenye kinachotafutwa. Teja anaitafuta dawa hata ikimharibia nyumba. Shangazi aliitafuta nyumba, na dawa ikamfikisha jikoni. Mwili huzoea mofini, ni kweli, ndiyo maana haikatizwi ghafla. Maumivu yakipungua, tuseme baada ya mionzi, daktari huishusha kidogokidogo. Mazoea hayo ya mwili si uteja, na uteja hutokea kwa nadra kwa mgonjwa anayetumia dawa kwa maumivu yake chini ya usimamizi. Hofu ya shemeji ilitufaa kwa jambo moja: chupa ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli. Watoto wapo, na mateja wapo.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ulitutisha. Sehemu yake ni dawa, na sehemu nadhani ilikuwa deni la miezi ya kukesha. Kichefuchefu nacho hupita ndani ya siku chache kwa wengi. Usingizi wa kuogopa ni ule ambao mtu haamki ukimtikisa, pumzi zikiwa chache na za polepole. Hapo dozi inayofuata haitolewi, msaada wa hospitali unatafutwa wakati huohuo. Kisichopita chenyewe ni choo kigumu. Dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini, bila kungoja shida. Papai na maji husaidia, peke yake havitoshi. Tuliona haya kuuliza habari za choo wiki nzima, na wiki hiyo maumivu ya tumbo yalishinda ya nyonga.

Kuhusu Afrika Mashariki, sifa kubwa naipa Uganda. Hospisi ya Nairobi ilitangulia, mwaka 1990, lakini mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na mchanganyiko rahisi: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha chupa kali na isiyo kali. Mwaka 2004 Uganda ikabadili sheria, wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kijijini hakuhitaji tena kumfuata daktari mjini ili apate dawa chungu ya maji. Na ni chungu kwelikweli. Shangazi aliifuatisha na juisi ya ukwaju.

Wageni je? Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini wageni kumi wa saa tisa alasiri, kila mmoja akitaka ahadithiwe upya, walimmaliza kuliko mbuzi. Muuguzi alitupa ruhusa ya kuwapangia muda, na alitaka tuseme ni amri yake. Tukasema hivyo. Hiyo nayo ni tiba shufaa, ingawa haimo kwenye chupa yoyote.

Tuliweka daftari la shule, kurasa zimegawanywa kwa rula: saa, dozi, vidole, choo, maneno. Sehemu ya maneno ilikuwa yake. “Saa 8, kidole 1. Samaki wa leo kachacha, nimewaambia hawasikii.” Kliniki walilisoma daftari hilo kabla ya kumgusa.

Alipofariki, chupa ilikuwa imebaki nusu. Mofini inayobaki haimwagwi uani wala haigawiwi, hurudishwa ilikotoka. Siku ya tatu ya matanga jirani mmoja alikuja kuiomba kwa ajili ya mgongo wake. Tulimnyima, akanuna, na Jumatatu mumewe shangazi akaipeleka kliniki mwenyewe, ameifunga kwenye leso, akasubiri mpaka waliposaini.