Taarifa za wateja kuvuja maana yake nini?

Tukisikia taarifa za wateja wa kampuni fulani zimevuja, wengi wetu tunamfikiria mdukuzi aliyejifungia chumbani anahangaika na kompyuta usiku kucha. Wapo wa namna hiyo. Lakini taarifa huhesabiwa zimevuja tangu pale asiyehusika anapoweza kuzifikia, hata kama hajatokea bado wa kuzigusa. Kosa ni la aliyekabidhiwa kuzitunza.

Nenda kwa wakala wa pesa hapa Tanga, tuseme Ngamiani barabara ya 12, saa za foleni. Daftari la miamala liko wazi juu ya kaunta, limegeuziwa wateja ili wasaini: jina, namba ya simu, kiasi, pengine na namba ya kitambulisho. Anayesubiri zamu yake anasoma kwa nafasi nani katoa laki nane asubuhi. Hakuna aliyeiba, ila siri imeshatoka. (Kipande cha boksi cha kufunika mistari ya juu kingetosha, wala hakiuzwi.) Halafu kuna fomu za mikopo zinazotupwa na ofisi bila kuchanwa, zikaishia kwa muuza karanga. Unamaliza karanga zako, unabaki na mshahara wa mtu mkononi.

Kampuni kubwa nazo hufanya yaleyale, kwa mamilioni. Mei 2019 ilibainika kwamba First American ya Marekani, inayoshughulika na bima za hati za nyumba, iliacha wazi kwenye tovuti yake nyaraka zipatazo milioni 885, nyingine za tangu 2003. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki, kumbukumbu za kodi, stakabadhi za kutuma fedha na picha za leseni za udereva. Nywila haikuhitajika. Ukiwa na kiungo cha hati moja, ukabadilisha tarakimu, inakufungukia hati ya mtu mwingine kabisa. Hapo mdukuzi wa nini?

Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo, iliingiliwa na wezi kweli mwaka 2017, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Ila tundu walilopitia, kasoro kwenye programu ya kompyuta, lilijulikana, na marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi. Kampuni haikuyaweka pale yalipohitajika. Kwangu mimi huo ni uzembe kwanza, wizi baadaye.

Taarifa za fedha zikivuja zinauma kwa sababu nyingi hazibadilishiki. Nywila utaweka nyingine; jina, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na historia ya mkopo wako utaibadilisha vipi? Na tapeli akikupigia, akakutaja kwa majina yako matatu na kiasi ulichotoa jana, hata mjanja wa mjini analegea.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya lazima azilinde, na usalama wake ukivunjwa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Mteja naye ana haki ya kupeleka malalamiko huko, hata kama bado hajaibiwa shilingi.